Mizani ya Zafarani

Shuleni binti yetu mkubwa huvaa ushungi mweupe, na nguo nyeupe inajua kutunza siri ya mba. Madrasa wanavaa baibui jeusi. Ndiyo maana habari tulipewa na baibui, Jumamosi moja jioni, alipoingia ndani akauvuta ushungi kwa mkono mmoja kama afanyavyo siku zote, na mabega yote mawili yakabaki meupe. Mama mkwe wangu alikuwa mkekani anachambua mchele. Akanyoosha shingo.

"Mwari wangu," akasema, "umelala kwenye unga?"

Mtoto alijitazama, akajipangusa bega moja, kisha la pili, akaingia chumbani bila kujibu. Ana miaka 14, yuko kidato cha pili. Sikumfuata. Ningemfuata jioni ile, mengi ya haya yasingetokea.

Kila mtu katika nyumba yetu ana dawa ya mba. Mama mkwe alisema zaituni, ipakwe kila usiku, isuguliwe mpaka ngozi iote moto. Mume wangu alisema limau. Mimi niliamini sabuni ya kipande na maji mengi, maana ndivyo mama yangu alivyotuosha sisi. Mama mkwe ni mkubwa wa nyumba, basi zaituni ikashinda. Chupa ilitoka dukani kwa mwanawe mwenyewe, anayeuza viungo na mafuta Ngamiani, hapa Tanga.

Wiki ikapita. Mama akashika kichwa cha mtoto, akasema zimepungua. Mume wangu akaangalia mabega ya baibui, akasema zimezidi. Mimi nikaona ziko vile vile. Tulikuwa watu wazima watatu tunatazama kichwa kimoja, na kila mmoja akawa na jibu lake. Maneno yakaanza kuwa makali. Mume wangu akasema jambo ambalo kwa mtu wa biashara yake ni la haki kabisa: "Tupime."

Ana mizani ndogo ya betri, ya kupimia zafarani, inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Ana pia kitambaa cheusi cha mahameli ambacho humwaga juu yake nyuzi za zafarani ili mteja aone rangi yake. Ijumaa usiku akavileta vyote nyumbani. Mtoto akaambiwa ainamishe kichwa juu ya kitambaa. Mama akampitishia kitana, mara ishirini mbele, mara ishirini nyuma, mimi nikishika taa ya simu. Zilizoanguka tukazikusanya kwa manyoya ya kuku, tukaziweka kwenye mizani.

Ikasoma 0.00.

Mume wangu akaigonga mizani kidole. Akaizima, akaiwasha. 0.00. Mbele ya macho yetu kulikuwa na rundo jeupe lililomtoa mtoto machozi, na mizani inayojua tofauti ya nyuzi chache za zafarani inasema hapana kitu. "Basi tuhesabu," akasema, akaenda kuchukua miwani yake ya kusomea. Akahesabu kwa ncha ya sindano, moja moja, mpaka 61. Akaandika kwenye daftari la duka, ukurasa wa nyuma: Ijumaa, 61.

Muda wote huo mtoto alikuwa ameinama. Shingo yake niliiona vizuri, ule mfupa wa juu ya mgongo umetokeza, na masikio yamewiva. Wadogo zake wawili wa kiume walikuwa wamechuchumaa pembeni, wanahesabu pamoja na baba yao kwa sauti.

Ijumaa ya pili ikatoka 143.

Siku ile Mama alikuwa ametwanga mchele wa vitumbua pale pale ukumbini, feni ya dari inazunguka, na kitana alichokitumia kilikuwa kipya, meno yamebanana. Hakuna aliyeyafikiria hayo. Tulichokiona ni namba. Mume wangu akamgeukia mama yake, kwa adabu lakini uso umebadilika, akasema mafuta yale hayafai. Mama akajibu kwamba zaituni ni kitu cha baraka, na kama mba zinatoka nyingi ni kwa sababu mafuta yanazing'oa, kwa hiyo 143 ni dalili njema. Nikaingilia kati, nikaharibu zaidi. Tukabishana kwa nusu saa. Tulipokumbuka kutazama mkekani, mtoto hakuwepo.

Nilisikia mkasi kabla sijafika mlangoni. Alikuwa amekaa kitandani na kioo kidogo. Msuko mmoja wa mbele, wa upande wa kulia, ulikuwa umelala juu ya shuka, umekatwa karibu kabisa na ngozi. Alikuwa ameshaushika wa pili. Harusi ya wifi yangu mdogo ilikuwa imebaki wiki tatu.

Sikumgombeza. Nilikaa chini, nikampokonya mkasi polepole, nikamlaza kichwa mapajani. Akasema sentensi moja tu: "Mama, mimi si uchafu." Nimeandika kisa hiki kwa ajili ya sentensi hiyo.

Wifi yangu mkubwa alifika Jumatatu kwa maandalizi ya harusi. Yeye ni tabibu, na magonjwa ya ngozi alikwenda kuyasomea Moshi, kwenye kituo cha mafunzo cha hospitali ya KCMC kilichoanza mwaka 1992 na kinachopokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Alimkuta mpwa wake na kilemba ndani ya nyumba, saa sita mchana, joto la Tanga. Hakuuliza mbele ya watu. Usiku nikamweleza yote, na daftari nikamwonyesha. Akasoma, 61, 143, akalifunga.

"Wifi," akaniambia, "hizi zilizoanguka zimeshaondoka. Mkizihesabu, mnahesabu wageni waliokwisha aga. Mimi nataka kuwaona waliolala ndani."

Akanieleza kuwa wataalamu wa ngozi wanapojaribu shampuu za mba hawapimi kwa uzito wala kwa bega. Kinachoanguka hutegemea nguvu ya mkono wa anayechana, meno ya kitana, upepo, na siku ngapi zimepita tangu kichwa kioshwe. Nguo nayo hudanganya, kama ushungi mweupe ulivyotudanganya sisi. Kwa hiyo wanafungua nywele na kutazama magamba ambayo bado yameshika kwenye ngozi. Kichwa hugawanywa vipande vinane. Kila kipande hupewa alama kuanzia 0 hadi 10, kisha zinajumlishwa, na kichwa kibaya kuliko vyote kinafika 80.

Niliuliza kwa nini tusianze pale pale. Akakataa. Kichwa kilichojaa mafuta hakisomeki, magamba yanalowa na kulala. Akataka kioshwe kesho yake kwa shampuu ya kawaida isiyo na dawa, kisha kiachwe bila kupakwa chochote mpaka Jumamosi. Siku nne bila mafuta! Mama mkwe aliona ni ukatili. Wifi akamshika mkono: "Mama, nipe siku nne tu, kisha ukiona nimekosea nirudie mimi."

Jumamosi asubuhi akamwita mtoto chumbani, akamwambia kwanza atakachofanya, akamwuliza kama yuko radhi, na nani angependa awepo. Mtoto akanitaja mimi. Mlango ukafungwa. Nimekuwa mama miaka 14 na sikuwahi kufikiri kwamba kichwa cha mwanangu kina mlango.

Tulikuwa tumefumua misuko usiku wake. Wifi akamkalisha dirishani, mwanga wa jua unaingia kwa ubavu, akachukua kitana chenye mkia. Akapiga mstari kutoka pajini hadi kisogoni, mwingine kutoka sikio hadi sikio, kisha kila robo akaikata katikati. Vipande vinane, akavibana kwa vibanio. Akaanza na cha mbele kulia, pale penye msuko uliokatwa. Hakusema neno juu yake.

Akanivuta nione. Nilizoea kuziona mba zikiwa nguoni, zikiwa zimekwisha kuwa vumbi. Kumbe kwenye ngozi zina sura. Kando ya nywele kulikuwa na ungaunga kama vumbi la chaki, ukipuliza unaruka. Hiyo, akasema, ikiwa peke yake ni 2. Ndani kidogo kulikuwa na vigamba vinavyoonekana bila kukodoa macho, nusu vimeshika, nusu vimeinuka kama rangi ya ukuta wa zamani. Hapo tuko kwenye 6. Na nyuma ya mstari, katikati ya utosi, kulikuwa na magamba mapana, membamba kama ganda la kitunguu saumu, yamepandana, mengine yamepanda na unywele kama ushanga kwenye uzi. Chini yake ngozi ilikuwa imewiva. "Hapa nampa 8," akasema. "Yangefunika kipande chote kwa unene huu, ningempa 10."

Alitaja, nikaandika: 8, 6, 6, 4, 8, 4, 2, 4. Jumla 42. Kisha akaniambia nipime mimi, bila kutazama alichoandika. Nikapata 52. Nilikuwa nimeogopa, na mwenye hofu huona magamba kila mahali. Akanirudisha kipande kwa kipande, akanionyesha wapi nilihesabu uchafu wa pamba, wapi nilihesabu ungaunga kama gamba. Akaniambia jambo la maana: mpimaji akibadilika, namba hubadilika, kwa hiyo atakayepima leo ndiye apime mpaka mwisho, siku ile ile baada ya kuosha, dirisha lile lile.

Mtoto, aliyekuwa kimya, akauliza: "Kwa hiyo 42 kati ya 80?"

"42 kati ya 80."

"Kumbe si zote."

Niliona mabega yake yakishuka. Siku zote alidhani kichwa chake chote kimeharibika, na sasa alikuwa na kipande cha saba chenye 2 tu, upande wa kushoto nyuma ya sikio. Aliomba kukigusa.

Kuhusu zaituni, nilitegemea vita, lakini Wifi alizungumza na mama yake jikoni, wakikuna nazi, taratibu. Alimweleza kwamba juu ya kichwa cha karibu kila mtu mzima, msafi na mchafu, anaishi fangasi mdogo sana wa jamii ya hamira. Anaitwa malasezia, kwa jina la Mfaransa Louis-Charles Malassez aliyemweleza mwaka 1874. Chakula chake ni mafuta ya ngozi. Anayavunja, anakula sehemu anayoitaka, na anaacha asidi ya oleiki, ambayo haizidhuru ngozi za watu wengine, na za wengine zinaichukia. Ngozi inayoichukia hukimbilia kujivua. Kazi ambayo kawaida huchukua kama mwezi, chembe za chini kupanda juu, kukomaa na kudondoka moja moja bila kuonekana, hufanywa kwa haraka, na chembe zikiwa bado zimegandana hutoka kwa mafungu. Mafungu hayo ndiyo mba. Na zaituni imejaa asidi hiyo hiyo ya oleiki. Maabara wanapotaka kumwotesha malasezia ili wamchunguze, humdondoshea mafuta ya zaituni kwenye sahani, maana bila mafuta haoti.

Mama akaacha kukuna. "Kwa hiyo nilikuwa namlisha?"

"Ulikuwa unampenda mjukuu wako, mama. Yeye alikuwa anakula pembeni."

Mama akainuka, akaichukua chupa ya zaituni chumbani kwa mtoto, akaiweka kwenye kabati la vyakula, karibu na achari. Hatukulizungumza tena.

Dawa ilikuwa shampuu ya ketokonazoli, asilimia 2, mara mbili kwa wiki. Povu lifikishwe kwenye ngozi kwa ncha za vidole, si kwenye nywele, likae dakika tano, ndipo lioshwe. Nywele zetu hukauka upesi na kukatika, kwa hiyo baada ya hapo kondishena ipakwe kwenye urefu wa nywele, mbali na ngozi. Dakika tano ni nyingi mtoto akiwa ameinamia beseni. Mume wangu alikuwa akisimama mlangoni na saa ya mkononi, anamsomea dakika. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba radhi. Mtoto aliielewa kabla yangu.

Ilipofika zamu ya wavulana kukaguliwa, kwa kuwa Wifi alisema tusimwache mtoto mmoja peke yake kwenye kiti kile, mkubwa hakuwa na kitu. Mdogo, wa miaka sita, alikuwa na kiraka nyuma ya kichwa, duara kama shilingi, cha kijivujivu, nywele zimekatika usawa wa ngozi mpaka zimebaki vidoti. Sote tulikuwa tumekiona. Tulisema ni mba za dada yake zimemwambukiza, na dada yake tulimwachia aibu hiyo pia. Wifi akampapasa shingoni, akakuta tezi zimevimba. "Hiki hakipimwi kwa 80," akasema. "Haya ni mapunye." Akatueleza kuwa fangasi huyu ni mwingine kabisa, anaingia ndani ya unywele wenyewe, anahama kwa kofia, vitana na mashine za kunyolea, na shampuu peke yake haimwezi, kunahitajika vidonge kwa wiki kadhaa. Jumatatu nilimpeleka hospitali, akaanzishiwa griseofulvini. Mba haziambukizi kwa kukaa pamoja. Nililazimika kumwambia binti yangu hilo waziwazi, mbele ya kaka zake, kwa sauti ile ile tuliyotumia kumlaumu.

Jumamosi ya pili tukapima wote wawili tena, mimi na Wifi, kila mtu na karatasi yake. Yeye 26, mimi 28. Akacheka kwa furaha, akanipa kitana. "Sasa mimi naweza kurudi kazini."

Harusini binti yangu alivaa gauni la kijani kibichi. Mba hazikuwa zimekwisha, 26 si sifuri, na mwanamke mmoja wa upande wa bwana harusi alimpangusa bega bila kuombwa. Nilikuwa meza ya pili, nikashika pumzi. Mtoto akamwambia, "Ahsante shangazi, zinapungua," akaendelea kula pilau. Nywele za mbele zilizokatwa zilikuwa zimeota kama upana wa kidole, na alikuwa amezilaza upande kwa kibanio cha lulu.

Wiki ya nne ilikuwa 10. Vipande vitatu vilikuwa na sifuri. Wifi alikuwa ameacha maagizo kwamba fangasi huyu hamalizwi, anapunguzwa tu, na tukiacha kabisa atarudi, kwa hiyo shampuu ile itumike mara moja kila wiki moja au mbili kumzuia. Namba zote ziko kwenye daftari la duka, ukurasa wa nyuma. Mtoto mwenyewe alizifuta 61 na 143 kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja tu kila moja, ili bado zisomeke.

Usiku wa siku hiyo tuliyopata 10, taa ya ukumbini imezimwa, Mama mkwe alikuja chumbani kwetu na kigoda. Baba watoto alikuwa msikitini. Akakaa chini mbele yangu, mgongo kwangu, akafungua kanga kichwani. Kwa miaka kumi na sita ya ndoa yangu sikuwa nimewahi kukiona kichwa chake wazi kwa karibu. Nywele ni nyeupe zote, laini, zimesukwa mistari minne.

"Inawasha," akasema. "Ilianza zamani. Tangu baba yenu afariki hakuna mtu aliyekishika kichwa hiki."

Nikamwuliza kama angependa tufunge mlango. Akatikisa kichwa, akasema nimwite mwari wake aje na daftari. Binti yangu akaja na kalamu, akakaa ukingoni mwa kitanda. Nikafumua mistari minne. Magamba meupe kwenye nywele nyeupe hayaonekani ukitazama kutoka juu. Nikamwomba mtoto alaze simu begani kwa bibi yake, mwanga upite kwa ubavu kama ule wa dirishani, na yakatokea, moja moja, kila moja na kivuli chake.

Nikapiga mstari wa kwanza kutoka pajini hadi kisogoni. Ngozi ya mama ilikuwa ya moto chini ya vidole vyangu. Alikuwa amefumba macho.

"Cha kwanza," nikasema. "Andika 4."

"4," mtoto akaandika.

"Cha pili, 6."

"Nenda nyuma ya sikio," Mama akasema polepole, "la kulia. Huko ndiko kunakoninyima usingizi."